Tusingoje Wasifu wa Marehemu: Hotuba kwa Wanaoanza Kutengeneza Albamu ya Kumbukumbu

(Hotuba iliyotolewa mjini Tanga mbele ya wazazi, walimu na vijana, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Walimu wetu, viongozi wa mtaa, akina mama, na nyie vijana mliokaa kule nyuma karibu na dirisha, itifaki imezingatiwa.

Nimepewa mada ya albamu ya kumbukumbu kwa mtu anayeanza. Wengine wanaiita skrapubuku: kitabu ambacho ndani yake unaweka picha, barua, tiketi, kadi ya mwaliko, kipande cha kitambaa, na kando ya kila kimoja unaandika maneno. Ukiisikia juu juu ni mada ya mikasi na gundi. Mimi naiona ni mada ya ukoo, na naomba mnivumilie nieleze kwa nini kabla hatujafika kwenye gundi.

Wote tumeshakaa usiku wa msiba. Kesho ni maziko, na mtu wa kamati amekuja anataka wasifu wa marehemu uende kuchapwa. Ndipo watoto wanaanza kuulizana. Mama alizaliwa mwaka gani hasa? Alisoma wapi, Muheza au Korogwe? Ile kazi ya bandarini aliifanya kabla hajaolewa au baada? Anapigiwa simu shangazi, na shangazi anajibu kwamba aliyekuwa anayajua hayo yote ni huyo huyo aliyetutoka. Basi unaandikwa ukurasa mmoja: kuzaliwa, kusoma, kuolewa, watoto, kuugua, tarehe ya kufariki. Mtu aliyeishi miaka sabini na kitu, aliyelea, aliyelima, aliyegombana na kupatana na nusu ya mtaa, anasomwa kwa dakika tano.

Na picha zipo! Hilo ndilo linaloniuma. Ziko ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati, ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ziko kwenye simu mbovu zilizolala kwenye droo. Unazitoa, unamkuta mwanamke kijana amesimama na wenzake wawili, wamevaa kanga za sare, wanacheka, na nyuma ya picha hakuna hata herufi moja. Hao wawili ni kina nani? Hakuna wa kumuuliza tena.

Kwa hiyo hoja yangu leo ni hii. Albamu ya kumbukumbu ni wasifu unaoandikwa mwenyewe akiwa hai, ameketi pembeni yako, anakusahihisha. Kama muda wako ni mdogo, punguza mapambo, maneno usiyapunguze.

Kuna watu wanadhani jambo hili ni la Wazungu wenye nafasi. Ni kweli kwamba Marekani wamelifanya biashara. Mwaka 1873 Samuel Clemens, yule mwandishi anayejulikana zaidi kwa jina la Mark Twain, alipata hataza, yaani haki ya ubunifu, ya kitabu chenye kurasa zilizopakwa gundi tayari. Ulikuwa unalowesha kidogo kwa maji na kubandika. Mwaka 1980 Marielen Christensen wa Utah alionyesha makumi ya majalada ya kumbukumbu za familia yake kwenye mkutano wa kimataifa mjini Salt Lake City, na baada ya hapo shughuli hii ikapata maduka na madarasa yake.

Lakini mfano unaonigusa mimi ni wa 1900. Mwaka ule, kwenye maonyesho ya dunia ya Paris, W.E.B. Du Bois, msomi Mmarekani mweusi, alipeleka albamu zenye picha 363 za Wamarekani weusi: wanafunzi, wenye maduka, familia zimekaa barazani kwao, mabinti wamechana nywele na kuvaa vizuri. Enzi hizo watu hao walikuwa wanachorwa kwa dharau magazetini na wengine, na wanaandikwa na wengine. Albamu zile zikawa ushahidi wao wenyewe juu ya nafsi zao. Hadi leo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na Du Bois mwenyewe amelala Accra, Ghana.

Nasi pwani hii hatukuwa nyuma kwa picha. Pale Mji Mkongwe, Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, fundi aliyejifunza mwenyewe, ambaye alikuwa anakata picha mbalimbali na kuziunganisha zikawa moja. Studio zilikuwa Mombasa, zilikuwa Tanga, zilikuwa kila mji wenye stesheni. Bibi zetu walivaa, wakajipamba, wakaenda kupigwa picha kwa makusudi, kwa fedha waliyoidunduliza. Walitaka waonekane. Kilichobaki ni sisi kuwaandikia majina yao.

Sasa tuanze kazi.

Anayeanza hukwama mapema kwa sababu anataka albamu ya ukoo mzima, toka babu wa babu hadi kitukuu aliyezaliwa juzi. Anamwaga picha zote sakafuni, anachanganyikiwa, anazirudisha kwenye bahasha. Usifanye hivyo. Chagua mtu mmoja, au siku moja, au nyumba moja. Albamu ya nyumba ya Ngamiani mliyozaliwa, kabla haijauzwa. Albamu ya harusi ya dada. Albamu ya mama kwenye biashara yake ya vitumbua. Picha kumi na mbili hadi ishirini zinatosha kabisa kwa kitabu cha kwanza, na kikiisha utakuwa umeshajua mkono wako unapenda nini.

Ukishachagua, usikimbilie dukani. Kaa kwanza na mwenye habari. Mpelekee picha mkononi. Usimwonyeshe kwenye kioo cha simu, kwa sababu mzee akiishika picha anaisogeza, anaigeuza, anaiweka kwenye mwanga, na kila anapoigeuza linatoka neno. Washa kinasa sauti cha simu, uwe umemwomba ruhusa, kisha uliza maswali madogo. Ukimwambia "Bibi, nisimulie maisha yako," atakujibu kwamba maisha yalikuwa magumu lakini Mungu ni mwema, na hapo mmemaliza. Muulize viatu hivi alivinunua wapi. Muulize ni nani aliyekuwa ameshika kamera. Muulize ni nani hayupo kwenye picha na alitakiwa awepo. Hilo swali la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloleta habari za aliyesafiri, aliyenuniwa, aliyekuwa mja mzito akajificha.

Na yaandike maneno yake kama alivyoyasema. Kama ni Msambaa na akaingiza Kisambaa, kiache Kisambaa, kisha andika maana yake chini kwa Kiswahili. Kama ni Mdigo, vivyo hivyo. Usimgeuze bibi yako akawa msomaji wa taarifa ya habari.

Nitawapa mfano wa ukurasa mmoja niliouona kwa macho, wa familia moja ya mkoa huu. Babu yao alikata mkonge. Mnajua historia ya mkonge hapa kwetu: Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa zao hilo. Mnajua pia habari za manamba waliotoka mikoa ya mbali kuja kulikata. Sasa familia hiyo walikuwa na kadi ya kipande ya babu, ile ya kuhesabia siku 30 za kazi, siku moja alama moja, na mshahara haulipwi mpaka zitimie. Kadi imelegea, imechanika kwenye mkunjo, imeshika rangi ya chai.

Kadi yenyewe hawakuibandika. Walitoa nakala ya rangi, wakaiweka upande wa kushoto wa ukurasa, na ile halisi wakaitia kwenye bahasha safi nyuma ya albamu. Kulia wakaweka picha ya babu ya studio: kijana, koti limemkaa, mkono wa kushoto umetangulizwa mbele kidogo ili saa ionekane. Chini yake maneno ya bibi, kwa mkono wa mjukuu wa kidato cha pili: "Saa si yake, ni ya mwenye studio. Koti ni la rafiki yake. Viatu ndivyo vyake, alivinunua kwa kipande cha kwanza alichokimaliza." Nilisimama pale muda mrefu. Bila maneno yale ungeona kijana mwenye nafasi. Bila picha ungeona kibarua tu, namba kwenye kadi. Vikiwa pamoja unamwona mtu, na unajua alichokuwa anakitaka. Ukurasa ule hauna stika, hauna maua, hauna rangi zaidi ya ile ya kadi.

Tuje kwenye vifaa, maana najua akina mama wanangoja bei. Duka la steshenari la hapa mjini linatosha. Chukua boksi faili la A4 lenye pete za chuma, karatasi nyeupe nene za A4, na zile karatasi za nailoni zenye matundu pembeni ambazo watu wanahifadhia vyeti. Ongeza rula, mkasi mkali, penseli laini ya 4B, na kalamu moja nyeusi ambayo wino wake hautawanyiki ukiguswa na maji. Ijaribu kalamu kabla hujaiamini: andika kwenye karatasi, acha ikauke, dondoshea tone la maji. Uzuri wa boksi faili ni kwamba ukurasa ukiharibika unautoa, na habari mpya ikipatikana unaongeza ukurasa katikati. Albamu iliyoshonwa haikupi nafasi hiyo, na kwa anayeanza hiyo nafasi ni muhimu.

Karatasi yenyewe inaweza kuwa adui. Gazeti ukiliacha juani siku chache linageuka njano, kwa sababu limetengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na lignini yake, ile dutu inayoshikiza nyuzi za mti, na lignini ikikutana na mwanga na hewa inazalisha asidi. Ukiliweka gazeti uso kwa uso na picha, asidi hiyo inahamia kwenye picha. Kwa hiyo kipande cha gazeti kilichotaja timu ya mjomba, kipige fotokopi kwenye karatasi nzuri nyeupe, na fotokopi ndiyo iingie kwenye albamu. Manila za rangi ni hivyo hivyo, nyingi hazina uhakika. Zitumie kwa jalada la nje na si nyuma ya picha ya zamani. Ukikuta pakiti imeandikwa kwamba karatasi yake haina asidi wala lignini, lipia, hata kama imezidi bei kidogo.

Plastiki nazo si zote. Ile inayonuka kama pazia jipya la bafuni huwa ni PVC, na PVC inatoa kemikali zinazonata na kula picha. Tafuta ya polipropilini. Mara nyingi pakiti huandikwa PP, au huwa na namba 5 ndani ya pembetatu. Namba 3 ndiyo PVC, iache dukani.

Sasa risiti. Vijana mnapenda kuhifadhi risiti ya hoteli mliyokula siku ya mahafali, tiketi ya basi, tiketi ya boti ya kwenda Unguja. Vizuri sana. Lakini risiti za mashine, zikiwemo hizi za EFD, hazina wino. Karatasi yake imepakwa dawa inayobadilika rangi kwa joto, na rangi hiyo hupotea yenyewe. Baada ya muda utabaki na karatasi nyeupe. Ipige fotokopi wiki hiyo hiyo.

Na jambo la kupitisha vyeti na picha kwenye lamination. Nalisema kwa uchungu kwa sababu tunalipenda mno. Mashine ile inayeyusha gundi kwa joto na kuishikiza moja kwa moja kwenye karatasi. Haitoki tena. Maji yakipenya pembeni, yanabaki humo humo. Picha ya pekee ya baba yako usiipeleke huko. Mfuko wa nailoni unailinda vile vile, na siku ukitaka kuitoa unaitoa.

Kuhusu kubandika, nina msimamo mkali: picha halisi haipakwi gundi. Selotepu kwa joto letu la pwani inatoa mafuta, inageuka njano, inaacha alama isiyofutika. Gundi ya maji inakunja karatasi. Tumieni vipembe. Dukani vipo vya kununua, lakini tengenezeni wenyewe, ni kazi nzuri hata kwa mtoto wa darasa la tatu. Kata kipande cha karatasi cha sentimita 4 kwa 2. Kilaze mbele yako, upande mrefu ukiwa chini. Shika kona ya juu ya kulia, ikunje ishuke hadi katikati ya upande wa chini. Kona ya juu ya kushoto nayo vivyo hivyo, zikutane. Umepata pembetatu yenye mfuko ndani. Kona ya picha inaingia kwenye mfuko huo, na gundi unaipaka mgongoni mwa pembetatu, kule kwenye mikunjo, ndiyo inayoshika ukurasa. Vinne kwa kila picha. Picha inakaa imara, na ukitaka kusoma kilichoandikwa nyuma unaivuta taratibu inatoka nzima.

Nyuma ya picha za zamani mara nyingi kuna muhuri wa studio, na mara nyingine tarehe au salamu: "Kwa dada mpenzi, ukumbusho." Hayo ni maandishi ya thamani sawa na sura iliyo mbele. Ukibandika kwa gundi umeyazika.

Wewe ukiandika nyuma, andika kwa penseli, kwa mkono mwepesi, picha ikiwa imelala kifudifudi kwenye meza ngumu. Kalamu ya kawaida inachimba, na mstari unatokeza mbele usoni mwa mtu. Picha za siku hizi zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli vizuri. Kwa hizo, andika kwenye kikaratasi na ukiweke pamoja nayo.

Kupanga ukurasa hakuhitaji kipaji. Picha moja iwe kubwa, hiyo ndiyo mwenye nyumba. Nyingine moja au mbili ziwe ndogo. Kila ukurasa uachie mahali pa maneno kabla hujaweka chochote kingine. Wanaoanza na picha hujaza ukurasa mzima kisha wanabana maandishi kwenye ukingo kama tanbihi. Ukitaka rangi, kata karatasi ya rangi iliyozidi picha kwa milimita tatu au nne kila upande, iwe fremu. Chukua rangi hiyo kutoka ndani ya picha yenyewe, kwenye kitenge alichovaa mama au mlango ulio nyuma yake, na ukurasa utatulia. Panga vyote bila kubandika, piga picha kwa simu, ulale. Asubuhi jicho lako litakuambia kilichozidi.

Kanga ni swali ninaloulizwa kila mara. Je, naweza kuweka kipande cha kanga ya bibi? Unaweza, ila usikate jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Kama kanga ingali nzima, ipige picha iliyotandazwa yote, pindo na mji (ile sehemu ya katikati) na jina lake vionekane, uiweke hiyo picha. Kama imeshachakaa na familia imekubali ikatwe, chukua kipande kidogo cha pindo, kioshe mpaka wanga uishe na rangi iache kutoka, kikauke kivulini, kisha kiingie kwenye mfuko wake peke yake, kisigusane na picha.

Kuna wenye albamu za miaka ya themanini na tisini zenye kurasa zinazonata, zile unazofunua plastiki, unaweka picha, unarudisha plastiki. Naona wengi wanatikisa kichwa. Ile mistari ya gundi imeshageuka kahawia, na picha zimeng'ang'ania. Kwanza kabisa, kabla ya kugusa, piga picha kila ukurasa kama ulivyo. Kisha chukua uzi wa kusafishia meno, mrefu kidogo, uzungushe vidole viwili, uupitishe chini ya kona ya picha na uuvute huku na huku kama unakata, ukienda mbele pole pole, karatasi ikibaki bapa mezani. Usiikunje picha juu, itavunjika ngozi. Ikigoma, iache. Kata ukurasa mzima kuizunguka na uuweke hivyo hivyo. Iliyoshikana na kioo cha fremu nayo usiivute. Ipige picha ikiwa ndani ya kioo chake.

Tanga ni mji wa unyevu, na picha hazipendi unyevu. Hewa ya chumba ikiwa na unyevu wa asilimia 30 hadi 50, picha zinapumua. Ukizidi asilimia 65 kwa muda, ukungu unaota. Sisi kwa miezi mingi tuko juu ya hapo, kwa hiyo albamu isikae kwenye ukuta wa nje, isikae sakafuni, isikae chini ya kitanda, isikae jikoni. Rafu ya katikati ya nyumba, imesimama wima, imeachiwa hewa. Vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu visitupwe, viweke kwenye boksi la albamu na uvibadilishe. Halafu uifungue mara kwa mara. Albamu inayofunguliwa haipati mchwa bila mtu kujua, na watoto wanaizoea.

Sasa picha za simu, maana vijana mtaniambia hamna nyingine. Nendeni studio mkazisafishe. Ukubwa wa sentimita 10 kwa 15 unatosha, na kwa ukubwa huo picha yenye pikseli 1800 kwa 1200 inatoka safi. Msipeleke picha ya skrini. Aliyepiga akutumie ile ya asili, na kama ni kwa WhatsApp aitume kama dokyumenti, maana ikitumwa kawaida hupunguzwa. Muulizeni fundi picha inatoka kwa karatasi ya dawa au kwa printa ya wino, kwa sababu baadhi ya wino zinakimbia zikiguswa na maji. Na katika mia tatu mlizopiga kwenye sherehe moja, chagueni tano. Kuchagua ndiyo kazi yenyewe: hapo ndipo unapoamua siku ile ilikuwa ya nini.

Nina jambo zito kidogo. Albamu inaonwa na wageni. Kwetu pwani kuna picha za akina mama waliojifungia wenyewe, ndani, kwenye singo ya bibi harusi, kwenye kesha la harusi, vichwa wazi. Picha hizo ni zao. Usizitie kwenye albamu ya sebuleni kwa sababu tu zimependeza. Muulize kila mmoja aliyemo, na akikataa usimbembeleze. Tengenezeni albamu ya pili, ya akina mama peke yao, ikae kwa shangazi anayeaminika. Nimeona albamu za namna hiyo, na kusema kweli ndizo zenye habari nyingi kuliko zile za sebuleni, kwa kuwa walioziandika walijua wanamwandikia nani.

Vivyo hivyo kuna mambo ya familia yaliyouma. Talaka, mtoto aliyefariki, ndugu aliyefungwa. Msiyafute kwa mkasi. Kumkata mtu kwenye picha ni rahisi, na ni vigumu kurudisha. Kama hamko tayari kuandika, iwekeni picha nzima kwenye bahasha, andikeni majina ya wote waliomo na mwaka, fungeni. Watakaokuja watakuwa na moyo mwingine.

Mwisho, albamu ikikamilika piga picha kila ukurasa mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, na uwatumie ndugu wote: wa Dar, wa Mombasa, na yule wa Muscat ambaye hajarudi siku nyingi. Waambie warudishe masahihisho. Watarudisha, nawahakikishia! Mmoja atasema huo si mwaka 1978, ni 1976, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mgongoni. Andika na hilo, kwa penseli, na jina la aliyesahihisha.

Meza zimepangwa huku nyuma, karatasi zimeshakatwa sentimita 4 kwa 2, na penseli zipo za kutosha. Kila mmoja ameombwa aje na picha moja ya mtu aliye hai. Kama mwenyewe umekuja naye, mketishe karibu nawe. Kama yuko nyumbani, mpigie simu sasa hivi kabla hatujaanza kukunja vipembe, umuulize nani aliyekuwa ameshika kamera.